Kazi Hukunja, Yoga Hukunjua

Wajukuu zangu wa Same, mlio mjini na mlio huko juu Mbaga, Chome, Vudee, Suji na Mamba, wengi wenu mnanijua kwa uuguzi, kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu. Leo sikuja na sindano. Nimekuja na nasaha, na nasaha yenyewe ni ya yoga.

Najua kuna walioanza kucheka. Bibi na yoga wapi na wapi? Mnasema hayo ni mambo ya watalii wa Paje na Jambiani wanaotandika mikeka ufukweni, au ya mabinti wa Masaki wenye nguo za kubana. Wasiocheka wana hoja nzito zaidi, na hoja yao ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: "Bibi, sisi tunapanda na kushuka milima kila kukicha. Tunalima, tunabeba, tunachanja kuni. Mazoezi mengine ya nini tena?"

Jibu langu ni hili. Kazi hukunja mwili, yoga hukunjua. Sikatai kwamba kazi inaleta nguvu, ila ni nguvu ya upande mmoja: msuli uleule unavuta, kiungo kilekile kinapinda, leo, kesho na mwakani. Anayetaka kufika umri wangu akiwa bado anafunga kamba za viatu vyake mwenyewe hana budi kuurudisha mwili pale kazi ilipoutoa. Na kwa kuwa kazi zenu hazifanani, yoga ya kuwafaa nayo haifanani. Chagua yoga kwa kutazama mwili wako na kazi yako, usichague kwa kutazama picha. Hilo ndilo neno langu, na yanayofuata ni ufafanuzi wake.

Kazi inavyoukunja mwili

Mtazameni kijana anayeteremsha tangawizi kutoka mashamba ya Mamba Myamba. Kiroba kiko bega la kulia, shingo imekikwepa kwenda kushoto, mkono mmoja umeinuliwa kukishikilia. Njia ni mteremko mtupu, kwa hiyo goti halinyooki sawasawa. Kila hatua misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki. Anafika kwenye gari, anatua mzigo, anajifuta jasho. Sasa litazameni lile bega. Mzigo umeshuka lakini bega limebaki juu, karibu na sikio. Mwambieni alishushe, atawaapia kwamba limeshuka. Mwili umeshasahau mahali pake.

Nendeni mjini, pale stendi. Dereva wa bodaboda yuko juu ya pikipiki tangu alfajiri. Upepo wa Same mnaujua, na vumbi lake. Yeye anaukabili kwa kujikunyata, mabega mbele, kidevu kimetokeza. Nyonga zimekunjwa kutwa nzima, na misuli ya mbele ya nyonga ikiachwa hivyo miezi na miaka, inakaza. Akisimama, inamvuta kiuno kwenda mbele, na mgongo wa chini ndio unaoumia. Fundi cherehani yuko hivyohivyo. Mwanafunzi wa bweni anayeinamia daftari mchana na simu usiku yuko hivyohivyo. Mama anayepalilia maharage huku ameinama kutoka kiunoni amekunjwa kwa namna yake.

Bibi zetu walikuwa na kinga moja wasiyoijua: walichuchumaa. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharage ya makande, kuchochea moto wa mafiga, yote walifanya wamechuchumaa, visigino chini. Nyonga zilifunguka, vifundo vya miguu vilibaki laini. Siku hizi kiti cha plastiki kimeingia kila nyumba, na ninaona vijana wasioweza kuchuchumaa bila visigino kunyanyuka. Huko Ulaya watu wanalipa ada darasani kufundishwa mkao huohuo. Kwenye yoga unaitwa malasana. Ninyi mlikuwa nao jikoni mkauacha.

Mwalimu mmoja, wanafunzi mbalimbali

Yoga imetoka India, nayo ni kongwe. Maandiko ya Patanjali, yanayohesabiwa kuwa msingi wake, yana zaidi ya miaka 1,500, na yanahusu kuituliza akili kuliko kupinda viungo. Hii mikao mnayoiona kwenye simu ilipata sura yake ya leo katika karne ya 20, na sehemu kubwa yake ilipita kwa mtu mmoja, Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1989. Katika miaka ya 1930 alikuwa akifundisha chini ya ufadhili wa mfalme wa Mysore, kusini mwa India. Nawatajia huyu kwa sababu ya wanafunzi wake.

Pattabhi Jois, aliyezaliwa mwaka 1915, alianza kujifunza kwake akiwa mvulana mwenye nguvu zake. Aliyoyapokea ni mazoezi ya kasi, ya kuruka na kusukuma, kila tendo likifuata pumzi. Akayapanga yakawa ashtanga.

B.K.S. Iyengar alizaliwa mwaka 1918, wakati homa ya mafua ikiua watu dunia nzima. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Krishnamacharya alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, naye alimchukua akiwa kijana dhaifu. Mwili huo wa maradhi ulimlazimisha Iyengar achunguze kila kiungo kinakaa vipi, na kumtafutia asiyeweza kitu cha kuegemea. Kitabu chake cha mwaka 1966, *Light on Yoga*, kimesomwa kila bara, na mwenyewe alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Yule mtoto mgonjwa!

Indra Devi alikuwa mwanamke, mzaliwa wa Riga. Mwanzoni Krishnamacharya hakutaka kumpokea. Baadaye alimpokea akamfundisha, na mwishoni mwa miaka ya 1940 mama huyo akafungua darasa Hollywood, akifundisha kwa upole bila kumlazimisha mtu. Wa nne ni T.K.V. Desikachar, mtoto wa mwalimu mwenyewe, aliyeshikilia kwamba kila mtu apewe mazoezi kwa kadiri ya umri wake, afya yake na shughuli zake.

Mnaona? Mwalimu mmoja, na kila mwanafunzi ametoka na njia yake. Basi mtu akikuambia yoga ya kweli ni ya aina moja tu, na ni ile anayoifundisha yeye, msikilize kwa adabu kisha endelea na safari yako.

Aina za yoga na wanaofaa

*Hatha* ndiyo mlango. Unaingia kwenye mkao, unatulia humo kwa pumzi kadhaa, unatoka pole pole, unapumzika, kisha unaingia mwingine. Shule yake moja mashuhuri ni ya Sivananda, daktari wa Kihindi aliyetibu watu Malaya kabla ya kuwa mtawa huko Rishikesh. Humo hufundishwa mikao 12 ya msingi pamoja na mazoezi ya pumzi na kupumzika. Asiyewahi kufanya yoga, awe mkulima au karani wa halmashauri, aanze hapa.

*Iyengar* ni ya wenye maumivu, wenye umri, na wanaopenda kufanya jambo kwa usahihi. Mkao unajengwa kipande kwa kipande: kisigino kiko wapi, goti linatazama wapi, mbavu zimefunguka? Asiyefika chini anawekewa kitu cha kumfikisha. Vifaa vinavyouzwa ghali madukani ninyi mnavyo nyumbani: tofali la kuchoma lililofungwa kitambaa, kanga iliyokunjwa, mkanda wa suruali, kiti kisichoyumba, na ukuta. Mbeba tangawizi mwenye bega moja juu na fundi cherehani mwenye shingo iliyotangulia, njia yenu ni hii.

*Ashtanga* na *vinyasa* ni za jasho. Ashtanga ina mpangilio usiobadilika. Mfuatano wa kwanza peke yake huchukua kama saa moja na nusu, na wanaoushika sawasawa huufanya siku sita kwa wiki. Vinyasa imetokana nayo, ila mwalimu ana uhuru wa kupanga mikao. Zote mbili zinajenga mikono, tumbo na stamina. Zinawafaa wanaokaa kutwa: mwanafunzi, mhasibu, muuza duka. Lakini wewe uliyeshika jembe tangu asubuhi, ukirudi jioni ukajitupa kwenye ashtanga, unaongeza uchovu juu ya uchovu. Mwili uliokwisha kazi unataka kunyooshwa, hautaki kuchapwa tena.

*Yin* ni kinyume chake. Unakaa au unalala kwenye mkao mmoja dakika 3 hadi 5, misuli umeilegeza, uzito wa mwili wenyewe ukifanya kazi. Ndugu yake ni *yoga ya kupumzisha*, ambamo mwili unabebwa kabisa na mito na mablanketi. Hizi ndizo ninazowapa madereva wa bodaboda na waliotoka shambani. Hata mkao mmoja unatosha: lala chali, makalio karibu na ukuta, miguu juu ukutani, dakika 5 hadi 10. Aliyesimama sokoni kutwa atauona utamu wake usiku huohuo.

*Yoga nidra* inafanywa mtu amelala chali, akifuata sauti inayompitisha mwilini kiungo kwa kiungo. Inawasaidia walinzi, wauguzi wa zamu za usiku, na wale ambao usingizi umewakimbia kwa mawazo. Lakini isiwe kisingizio cha kukesha kwenye simu; usingizi hauna mbadala.

*Yoga ya kitini* wafundisheni babu zenu, na madereva wa malori na mabasi wanaosimama Same kula wakiwa safarini kati ya Dar es Salaam na Arusha. Kugeuza kifua taratibu, kuinua mikono, kunyoosha mguu mmoja mmoja, kuzungusha vifundo: yote hayo unayafanya umekaa.

Ipo pia ya *Bikram*, ya mikao 26 kwa dakika 90 ndani ya chumba kilichopashwa joto hadi kama nyuzi 40. Hii siwashauri. Anayetaka joto la namna hiyo ateremke Ndungu au Kisiwani mwezi wa pili, atalipata bure, na moyo wake na figo zake havitamshukuru. Mwisho ni *kundalini*, yenye pumzi za haraka na nyimbo za kurudiarudia. Hiyo ifanyeni mkijua kwamba ndani yake mna maneno ya ibada, jambo nitakalolifikia hivi punde.

Faida, bila chumvi

Nianze na mnayoweza kuthibitisha wenyewe sasa hivi. Kaa wima. Weka vidole viwili vya mkono mmoja chini ya kidole gumba cha mkono mwingine, upande wa ndani wa kifundo, mpaka uusikie mshipa unapiga. Vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, kisha itoe pole pole kwa kuhesabu hadi nane. Rudia mara tano huku vidole vikisikiliza. Kwa vijana hasa, utaona mapigo yanaharakisha kidogo pumzi inapoingia na yanalegea inapotoka. Huo si uganga. Upo mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi moyoni, na pumzi ndefu ya kutoka inaupa nafasi ya kuutuliza moyo. Ndiyo maana nawashauri mjifunze pumzi kwanza, mikao ifuate. Anayejikunja hadi pua ikagusa goti huku ameibana pumzi hajafanya yoga, amefanya sarakasi.

La pili ni mgongo. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo wa chini. Kwa maumivu sugu, yale yaliyozidi miezi mitatu, kilishauri matibabu yaanze na njia zisizo za vidonge, na yoga ikatajwa miongoni mwake. Mwaka huohuo watafiti wa Cochrane walizikusanya tafiti zilizokuwapo wakaona yoga inaleta nafuu ndogo hadi ya kadiri katika utendaji wa mgongo baada ya miezi mitatu hadi sita. Ni nafuu ya kadiri, wajukuu zangu, si muujiza. Lakini mtu aliyekuwa hawezi kuinama kuchota maji, nafuu ya kadiri inamrudisha kisimani.

La tatu ni presha na sukari. Yoga inaweza kushusha presha kidogo, na inamsaidia mtu kuishi na kisukari kwa sababu mwili unaotumika unaitumia sukari vizuri zaidi. Neno "kidogo" mlishike. Nimewaona wagonjwa wanaoacha dawa kwa sababu jirani kawaambia habari za mizizi. Sitaki kesho niambiwe kuna aliyeacha vidonge vya presha kwa sababu ya bibi na yoga yake. Vidonge vinaendelea mpaka daktari aseme vinginevyo.

La nne ni usawa wa mwili. Mkao wa mti, wa kusimama kwa mguu mmoja na unyayo wa mguu mwingine ukiegemea ndani ya paja au chini ya goti, unamfundisha mtu kutoyumba. Kijana anaweza kuuona mchezo. Kwa mzee anayeteremka njia ya utelezi kutoka Vudee wakati wa mvua, usawa huo ndio unaomwepusha na nyonga iliyovunjika.

Na la mwisho, yapo yoga isiyoyafanya. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kutosha kumpandisha pumzi kila wiki. Hatha na yin hazikufikishi huko. Aliye Chome au Mbaga anazipata kwa kwenda na kurudi shambani, hana haja ya kuhesabu. Wewe wa mjini unayepanda bodaboda kwenda mtaa wa pili, ongeza miguu.

Kuhusu dini

Swali hili siwezi kulikwepa, maana Upare ni nchi ya watu wa dini. Wasabato waliingia hapa mwaka 1903, wakaanzia Giti. Walutheri wana mizizi mirefu Mbaga. Waislamu ni ndugu zetu wa damu, na koo nyingi zina wa msikitini na wa kanisani katika mlo mmoja. Nimeulizwa mara nyingi: yoga si ibada ya Kihindu?

Kweli asili yake ni huko, na si adabu kuwavua wenyewe mali yao kwa kujifanya hatujui ilikotoka. Lakini wakubwa wa dini wameshalitafakari jambo hili. Baraza la fatwa la Malaysia, mwaka 2008, liliwazuia Waislamu yoga yenye ibada na maneno yake. Baraza la maulamaa la Indonesia, mwanzoni mwa mwaka 2009, likatenganisha: yenye nyimbo na ibada za Kihindu haifai, iliyo mazoezi ya viungo tu haina ubaya. Na Saudi Arabia, mwaka 2017, iliruhusu yoga ifundishwe kuwa mchezo. Kwa upande wa Wasabato, tangu nikiwa binti nimewasikia wakihubiri tiba nane za asili: lishe, mazoezi, maji, jua, kiasi, hewa safi, pumziko na kumtumaini Mungu. Mtu anayejinyoosha asubuhi kwenye hewa ya Shengena, kwa kiasi, kisha akapumzika, sioni ni ipi kati ya hizo nane aliyoivunja.

Nasaha yangu ni kwamba uchukue mkao na pumzi, na maneno yawe ya imani yako au ukae kimya. Muulize mchungaji wako au shehe wako. Akikukataza, usimgombeze, fanya kujinyoosha kwa kawaida, na mwili utafaidika bila ugomvi nyumbani.

Tahadhari za muuguzi

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika yoga guu lenyewe liko karibu. Kwa hiyo sikilizeni.

Mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa, na mwenye ugonjwa wa presha ya macho, wasisimame kwa kichwa wala wasikae muda mrefu kichwa kikiwa chini ya moyo. Mjamzito asilalie tumbo, asijinyonge kiuno, na miezi ya mwisho asilale chali kwa muda mrefu; aanze kwa kumwambia muuguzi wa kliniki. Aliyekula makande asubiri saa mbili au tatu. Makande hayana haraka.

Jifunzeni kutofautisha kuvutwa na kuumia. Kuvutwa kunasikika katikati ya msuli na kunapungua ukitoa pumzi. Maumivu makali ya ghafla, au yaliyo ndani ya kiungo, ni amri ya kuacha. Ganzi inayoshuka mguuni, udhaifu wa mguu, au mgongo unaouma pamoja na kushindwa kuzuia mkojo, hayo si ya mkekani, ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Mabinti, na vijana wa kiume pia, hili la mwisho ni lenu. Mwalimu wa yoga hana ruhusa ya kukushika mpaka umpe. Mwenye shule ya Bikram alishtakiwa na wanafunzi wake Marekani kwa udhalilishaji wa kingono, na hao walikuwa watu wazima waliolipa ada. Jina kubwa la mwalimu si kinga. Ukiona mkono umekaa pasipostahili, chukua kanga yako uondoke, kisha useme kwa mtu unayemwamini.

Anza hivi

Huhitaji kusafiri. Mimi nilijifunza Dar es Salaam nilipokuwa nakaa kwa mwanangu, lakini mafunzo mengi ya mwanzo yapo kwenye simu zenu. Tafuta anayeongea taratibu na anayeeleza pumzi, mwache anayejionyesha. Ukifanyia kwenye sakafu ya saruji, mkeka wa ukindu utateleza. Kunja blanketi, au fanya peku kwenye udongo ulioshindiliwa.

Mkao wa kwanza unaitwa mlima, na ni wa kusimama tu. Simama peku, nyayo sambamba, upana wa nyonga. Sambaza vidole vya miguu, uzito ugawane kati ya kisigino na mpira wa unyayo. Magoti yanyooke bila kukazwa. Pandisha mabega hadi masikioni, yarudishe nyuma, kisha yaachie yashuke. Mbeba mizigo, rudia mara tatu, maana bega lako litakudanganya. Rudisha kidevu ndani kidogo, mpaka sikio likae juu ya bega. Mwombe mwenzako akutazame kwa ubavuni: sikio, bega, nyonga, goti na kifundo vinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja. Pumua mara kumi. Wengi watatetemeka. Ndipo mtakapojua mlikuwa mmesimama vipi miaka yote.

Baada ya mlima, piga magoti ukiegemea mikono, pinda mgongo juu kisha uulegeze chini: hiyo ni paka na ng'ombe. Piga hatua ndefu mguu mmoja mbele, goti la nyuma chini, nyonga ishuke. Bodaboda, hapa ndipo ukaze nia. Lala kifudifudi unyanyue kifua taratibu, huo ni mkao wa swila. Kaa juu ya visigino, paji la uso chini, huo ni wa mtoto. Malizia kwa kulala chali kimya dakika 3. Yote hayo hayazidi robo saa.

Robo saa hiyo iwe ya kila siku. Mnajua ndiva zetu zinavyofanya kazi. Kijito cha mlimani ni chembamba. Kikiachwa kitiririke moja kwa moja, ardhi inakinywa kabla hakijafika shamba la mwisho. Wazee wakajenga bwawa dogo, kijito kikajaza usiku kucha, asubuhi maji yakafunguliwa kwa zamu yakafika mbali. Robo saa yako ni hicho kijito. Ukiikusanya kila siku utaifungulia mwili wako ukiwa na miaka sitini. Ukifanya saa tatu Jumapili moja kisha ukapotea mwezi, ardhi imeshainywa. Na anzeni sasa, samaki mkunje angali mbichi.

Wenye kipaji waitazame pia kwa jicho la riziki. Tangu mwaka 2007, Africa Yoga Project ya Nairobi imewafunza vijana wa mitaa ya kipato cha chini ualimu wa yoga, na wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Watalii wanaotembezwa kwenye msitu wa Chome hadi kilele cha Shengena, mita 2,462, wanarudi miguu imekaza. Muongoza wageni anayejua kuwanyoosha kwa usalama ana kitu ambacho mwenzake hana.

Ombi langu la mwisho ni kwa viongozi wa vijana vijijini. Msaragambo bado tunao: tunazibua mifereji, tunachimba barabara, tunafyatua matofali ya shule. Kazi ikiisha kila mtu anatwaa jembe na kuondoka mgongo ukiwa umepinda. Msiwaruhusu watu watawanyike hivyo. Wapangeni mstari, wakubwa kwa wadogo, muwaongoze dakika 10 za mlima, paka na hatua ndefu, kisha ndipo mgawe makande. Atakayeona haya mwanzoni mwekeni karibu na mimi, nitakuwepo. Mungu awape miili inayowatii na busara ya kuitunza.